Meguiar's Ultimate Compound: inaondoa ukungu upi kwenye rangi ya gari, na upi haiwezi

Ukiminya chupa hii ya mililita 450 ya kampaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi ya gari iliyofifia, kinachotoka ni kitu laini kama losheni ya mwili, si ule uji wenye mchanga mchanga wa rabingi ya kopo. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia. Chembe zake ni ndogo na zinakata sawasawa, kwa hiyo ukungu, yaani ule weupe unaofifisha rangi, unatoka bila kuachiwa mikwaruzo mikubwa mipya ya kuhangaika nayo. Inatumika kwa mkono au kwa mashine. Kwa gari lenye kliya, lile tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi, ina thamani ya bei yake, ila mtu asiinunue kabla hajajua ana ukungu wa namna gani.

Mwagia maji sehemu yenye ukungu. Ukungu ukipotea pakiwa pamelowa na kurudi pakikauka, uso wa rangi umechoka kwa jua au umelika juu juu. Hiyo ni kazi ya kampaundi. Lakini pitisha na ukucha: ukikwama kwenye ukingo, na weupe umekaa vipande vipande kama ramani juu ya paa au boneti, kliya inabanduka. Hapo hakuna chupa ya kukusaidia. Ni msasa na kupaka upya, na kusugua kutaongeza tu ukubwa wa kidonda.

Namna ya tatu wanaijua vizuri watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaoosha magari kwa maji ya kisima: vijiduara vyeupe vyenye ukingo, hasa pale jua lilipokausha matone. Maji yamepaa, chokaa na madini yamebaki. Hapa usianze na kampaundi. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya madoa dakika moja au mbili, gari likiwa kivulini na bati limepoa, kisha suuza kwa maji mengi. Siki isikaukie kwenye rangi. Chokaa huyeyuka kwa asidi, kwa hiyo mengi yataondoka hapo hapo. Kikibaki kivuli cha duara, ujue doa limeshaila kliya yenyewe, na sasa ndipo unapofungua chupa.

Osha gari, likaushe, kisha vaa mkononi mfuko laini wa mkate na upapase bodi. Kupitia mfuko, vidole husikia punje ambazo mkono mtupu hauzisikii. Zikiwepo, zitoe kwanza kwa udongo wa kusafishia rangi huku ukinyunyiza maji ya shampuu, la sivyo utazisugulia ndani ya kliya. Bandika tepu ya karatasi kwenye plastiki nyeusi na mipira ya milango. Kampaundi ikikaukia humo huacha weupe mgumu kutoka.

Kwa mkono, weka kiasi cha sarafu kwenye spanji na ufanye eneo la sentimita 50 kwa 50, si zaidi. Sugua kwa nguvu ya wastani karibu dakika moja, ufute kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla haijakauka. Doa likibaki, rudia mara mbili au tatu. Kwa mashine inayozunguka huku ikiyumba, matone manne au matano kwenye pedi ya sponji yanatosha. Spidi 4 au 5, na mkono uende taratibu, mistari ikipandana. Pedi ikijaa unga isafishe, maana pedi iliyojaa haikati, inapasha joto tu.

Wengi huharibu kwa kufanya kazi juani. Bati likiwa la moto, dawa hukauka kabla chembe hazijafanya kazi, na kuifuta kunakuwa kugumu na kuacha michirizi. Wengine hukandamiza kwenye kona na mikunjo ya bodi, na huko rangi ni nyembamba kuliko kwingine. Kumbuka kliya ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na kila unapokata hairudi.

Magari meupe ya zamani yana mtego wake. Mengi yalipakwa rangi bila kliya, ikiwemo nyeupe ya Toyota yenye namba ya rangi 040. Jaribu na kitambaa cheusi, kwa sababu cheupe hakitakuonyesha kitu. Kikitoka na unga mweupe mwingi kuliko dawa uliyoweka, unaondoa rangi yenyewe. Si kosa, ila punguza nguvu na mizunguko.

Lawama yangu kubwa ni kwenye rangi nyeusi na buluu iliyokoza. Kampaundi inaondoa doa halafu inaacha utando wake mwembamba, unaoonekana ukimulika tochi kwa ubavu. Hapo utahitaji polishi ya kumalizia, kama Ultimate Polish ya kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo hesabu chupa mbili. Mwenye gari jeupe au la fedha anaweza kuiacha.

Tena, haina kinga yoyote. Paka nta siku hiyo hiyo. Na kama maji ya kuoshea ni yale yale ya kisima, kausha gari kwa kitambaa kabla jua halijalikausha. Nta hufanya madoa yatoke kirahisi, haiyazuii yasije.