Mhariri kwanza, kiwanda baadaye: uzoefu wangu wa kuhaririwa riwaya hapa Moshi

Kama una mswada wa riwaya kabatini na pesa zako zinatosha jambo moja tu, mlipe mhariri. Kuchapa kusubiri. Nasema hivi kwa sababu nimeshapita kote kuwili, uhariri hapa Moshi na uchapaji kule Arusha, na nilichopata kwa mhariri ni kikubwa mno kukinyamazia.

Mhariri wangu ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Kazi hii anaifanya jioni na wikendi, sebuleni kwake, hana bango wala ofisi. Nilielekezwa kwake na msomaji mwenzangu tuliyezoea kukutana Maktaba ya Mkoa. Nilimpelekea riwaya ya maneno kama 60,000 kuhusu ndugu wawili wa Machame wanaogombea kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yao, naye baba yao angali hai. Hakutaja bei siku hiyo. Aliomba sura ya kwanza aisome kwanza, ndipo akanipa bei yake kwa ukurasa, na ukurasa kwake ni maneno 250, kwa hiyo unapiga hesabu mwenyewe kabla ya kukubali: maneno 60,000 ni kurasa 240. Nusu unalipa mwanzo, nusu mwisho, na makubaliano mnaandikishana. Hilo la kuandikishana lilinipa imani sana, maana wengi wanaojinadi mitandaoni kuwa wahariri wanataka utume hela yote kwa simu kabla hawajasoma hata aya moja.

Raundi ya kwanza hagusi sentensi yako. Anasoma kitabu chote, kisha anakuandikia barua: hadithi inaanzia wapi hasa, nani anataka nini, nani anamzuia, sura zipi zinafanya kazi ileile mara mbili. Kwangu alisema hadithi inaanza sura ya tatu, siku mpaka wa kihamba unapohamishwa, na kwamba ile historia ya ukoo iliyojaa sura mbili za mwanzo niigawe vipande vidogo niviweke mbele zaidi, pale msomaji atakapokuwa ameshaanza kuiulizia mwenyewe. Iliniuma. Lakini nilipoihamisha, kitabu kilipata pumzi, na nilikiona.

Raundi ya pili ndiyo sentensi kwa sentensi. Anatumia Word, kila alichobadilisha kinaonekana kwa rangi, wewe unakubali au unakataa. Niliandika hivi: "Mzee alikasirika sana alipogundua kwamba mpaka umehamishwa." Pembeni yake Mwalimu akaandika: "Hasira siioni. Masale yako wapi?"

Kwa msomaji asiyetoka Kilimanjaro: masale ni ile mimea ya majani marefu ambayo Wachaga huipanda kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake hilohilo ndilo mtu hulibeba akienda kuomba radhi. Anayeng'oa masale amefanya zaidi ya kusogeza mpaka. Nikakaa chini nikaandika upya: "Masale yalikuwa yamelala kwenye udongo mbichi, mizizi ikiangalia jua. Mzee akaokota moja, akalipangusa kwa kiganja, akachimba kwa vidole na kulirudisha palepale. Hakumwita mtu." Neno hasira halimo tena, na kila aliyeisoma sura hiyo ananiambia yule mzee anamtisha. Mwalimu hakuniandikia hata neno moja kati ya hayo. Aliuliza tu, na swali lake likanirudisha shambani nikaangalie. Mhariri anayekuandikia sentensi zake mwenyewe anakupa kitabu chenye sauti mbili. Huyu hafanyi hivyo, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza.

Kuna na lile daftari lake. Kila mhusika ana ukurasa: amezaliwa lini, jina lake linaandikwaje, ana watoto wangapi, kovu liko mguu upi. Kwa daftari hilo alimkamata mhusika wangu aliyezaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, yaani 1967, halafu sura ya tisa anarudi kutoka Vita vya Kagera akiwa na gwanda la jeshi. Vita vilianza 1978. "Mdogo wangu, huyu mtoto wa darasa la tano nani kampa bunduki?" Tukamwongezea miaka kumi, na ndugu yake naye ikabidi umri wake usogee. Mahali pengine mkamwana anamjibu baba mkwe wake "wewe unakosea" mbele ya wageni, na Mwalimu akauliza ni nyumba gani hiyo ya Machame. Sasa mkamwana anakaa kimya, anaondoa vikombe mezani kabla wageni hawajamaliza kunywa. Inauma zaidi.

Kasoro zipo. Anachelewa. Alivuka tarehe tuliyoandikishana, na taarifa niliipata baada ya mimi kuulizia, si kabla. Mashairi hahariri kabisa, na kava hajishughulishi nalo, utajitafutia msanifu mwenyewe. Pia tulivutana sana juu ya maneno ya Kichaga. Alitaka nipunguze nusu. Mimi nilibakiza karibu yote, nikahakikisha tu kwamba sentensi yenyewe inamwonyesha msomaji maana. Alikubali, tena bila kinyongo, na makubaliano yetu yalikuwa yameshasema kwamba uamuzi wa mwisho ni wa mwandishi.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye bei, na bado alikifanya: alikaa nami tukasoma mkataba niliokuwa nimepewa na mchapishaji mmoja. Ulimpa mchapishaji haki zote, kwa lugha zote, kwa muda wote wa hakimiliki, huku mimi ndiye ninayelipia uchapaji. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake hata wajukuu wangu wasingekuwa na la kusema. Niliomba haki ziishie kwenye toleo la Kiswahili la karatasi, kwa miaka michache, na zirudi kwangu kitabu kikiisha bila kuchapwa tena. Wakakataa, tukaachana.

Ndipo nikaenda Arusha kuchapa kwa pesa yangu. Hapa nitakuwa mfupi. Mashine za ofseti zinahitaji pleti, yaani mabamba ya kuchapia, ziandaliwe kwanza, na gharama hiyo ni ileile uchape nakala 50 au 2,000, ndiyo maana bei ya nakala moja inashuka unapochapa nyingi. Digitali haina pleti, inafaa kwa idadi ndogo, nami nilichagua hiyo. Dai nakala moja ya mfano iliyofungwa kamili, yenye kava, uishike mkononi. Yangu ilikuja na ukingo wa ndani mwembamba, maneno yamezama kwenye gundi, msomaji analazimika kukikamua kitabu ili amalize mstari. Mgongo wa kava nao ulikuwa umepimwa kwa karatasi nene kuliko iliyotumika, jina la kitabu likateleza hadi upande wa mbele. Kiwandani waliniambia "hiyo ni kawaida". Si kawaida. Nilisimama hapo na vitabu vingine vya unene uleule mpaka wakakubali kurekebisha, na hawakunitoza. Ningesaini kazi kwa kuangalia PDF kwenye simu, ningeondoka na maboksi ya vitabu visivyosomeka.

ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, niliomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambako pia mchapishaji anatakiwa kupeleka nakala za kitabu kikishatoka. Iombe mapema, kwa sababu ile namba yenye tarakimu 13 inakaa ndani ya kitabu na nyuma ya kava, na msanifu hawezi kufunga kazi bila hiyo. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, si sharti ili hakimiliki iwe yako, inakuwa yako tangu ulipoandika, lakini usajili ni ushahidi mzuri siku ukiibiwa. Na kama unaitazama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, soma masharti yake juu ya kazi zilizokwisha kuchapishwa kabla hujakanyaga kiwandani.

Ukitaka kumpelekea Mwalimu kazi, anapokea mswada mmoja tu kwa wakati, na kipindi cha mitihani ya kidato cha nne hapokei. Jina lake simwagi hapa kwa sababu ameniomba nisimletee foleni, tukikutana nitakuelekeza. Andaa sura ya kwanza, iliyotaipiwa kwa nafasi ya mistari miwili, na ukurasa mmoja unaosimulia hadithi yote mpaka mwisho wake. Mwisho usiufiche. Asiyemwambia hadithi inaishaje humrudishia karatasi zake hapohapo mlangoni.