Uzoefu wangu na mizani ya springi: inapima uzito, haipimi tungamo

Ni ile mizani ya kuning'iniza, mrija wa plastiki wenye ndoano chini, mwisho wake kilo moja. Upande mmoja umeandikwa gramu, upande wa pili niutoni. Kwa anayetaka kuielewa tofauti ya tungamo (kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu) na uzito, sijaona kifaa rahisi kinachoizidi. Anayetaka vipimo sahihi atafute kingine.

Springi haijui kitu kina maada kiasi gani. Inachojua ni jinsi kinavyoivuta. Mvuto huo ndio uzito, na kipimo chake ni niutoni. Zile gramu za pembeni ni hesabu ya mtengenezaji tu, aliyeupima mvuto akaugawa kwa kiwango cha uvutano wa dunia, yaani niutoni ambazo dunia inavuta kila kilo. Wa kwangu kagawa kivivu: alama ya gramu 1000 kaiweka sambamba na niutoni 10, ilhali kilo moja ina uzito wa niutoni 9.8 hivi. Nikitundika jiwe la mizani la kilo moja, mshale unatua palepale penye 1000, kwa hiyo upande wa niutoni ndio unaozidisha, kwa asilimia 2. Ni kidogo, ila kwa kifaa cha kufundishia linaudhi.

Utamu wake uko kwenye lifti. Tundika kitu cha gramu 500, shika mrija wima, panda. Lifti inapoanza kuondoka mshale unakimbilia karibu 550. Ikishika mwendo unarudi 500. Ikianza kupunguza mwendo ili isimame, unaanguka chini ya 500. Kitu ni kilekile, hakijaongezwa wala kumegwa. Kusema kweli hata uvutano wa dunia haujabadilika, kilichobadilika ni nguvu ambayo springi inalazimika kutoa ili ikibebe. Mizani ya sahani mbili, ukiiingiza kwenye lifti hiyohiyo, inabaki imelingana, maana mawe ya mizani upande wa pili yanapata msukumo uleule. Ndiyo sababu ile inalinganisha tungamo. Mwezini, ambako uvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu, springi yangu ingesoma gramu 83 hivi, na sahani zingelingana vilevile.

Usitegemee ikuoneshe tofauti ya ikweta na ncha za dunia, ingawa ipo: niutoni 9.78 kwa kila kilo kwenye ikweta dhidi ya 9.83 kwenye ncha. Kwa gramu 500 hiyo ni gramu mbili na nusu hivi, na mistari ya kipimo hiki inapishana kwa gramu 20.

Skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri inafanya kazi vizuri. Ukiuinamisha mrija, mshale unasugua ukuta na kukwama, hivyo ugonge kidogo kwa kidole kabla ya kusoma. Usiiache na mzigo usiku kucha, springi italegea.

Ukinunua, chukua ya niutoni 10, uache ya niutoni 50. Kwa kitu kidogo, mshale wa hiyo kubwa hausogei vya kutosha kuona lolote ndani ya lifti.