Fundi wa tiyo za shaba wa Kamalondo: kazi safi, bei ya juu

Naandika kwa ajili ya wenye nyumba za zamani hapa Lubumbashi, zile za matofali mekundu zilizojengwa wakati wa kampuni ya madini, Makomeno, Bel-Air na pembezoni mwa mji, ambazo bado zina tiyo, yaani mabomba, za shaba ndani ya ukuta. Nyumba mpya zote ni plastiki, na fundi wa plastiki hakosekani kwenye kona yoyote. Fundi anayejua kulehemu shaba kwa moto, rakori (kile kipande cha kuunganishia tiyo) ikashika na isivuje tena, ni vigumu kumpata. Mimi nimempata. Karakana yake iko Kamalondo, upande wa uwanja wa Mazembe, haina kibao, lakini ukiuliza fundi wa tiyo za shaba watoto wa mtaani watakupeleka hadi mlangoni.

Nyumba yetu ni ya baba, aliyeipata kwa kazi. Maji ya moto yanatoka kwenye boila jikoni, yanapita nyuma ya ukuta mpaka bafuni. Kiwiko kimoja cha tiyo karibu na boila kilianza kutoa jasho, kisha matone, kisha ukuta ukaanza kuvimba na rangi kubanduka. Fundi wa kwanza niliyemwita, ambaye simtaji, alifunga vana (valvu ya maji), akawasha shalimo, ile tochi ya moto wa gesi, pale pale, akapaka bonge la soduru, yaani waya wa kulehemia unaoyeyushwa, juu ya kiungo kama mtu anayeziba tundu la sufuria. Lilipendeza kwa macho. Mwezi haukuisha, maji yakarudi.

Nimefundisha kemia miaka mingi, kwa hiyo niliposimama kutazama bonge lile nililijua kosa lake. Maji yakiwa bado ndani ya tiyo, joto lote la moto linakwenda kuyachemsha. Mradi kuna maji, shaba haipandi kwa urahisi kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na soduru ya mabomba inahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo ili iyeyuke na kutiririka. Kinachoyeyuka ni soduru iliyoguswa na moto wenyewe, nayo inaanguka juu ya shaba baridi na kuganda hapo bila kushikana nayo. Nililigonga lile bonge kwa kisu, likabanduka kipande kizima.

Sasa huyu wa Kamalondo. Alikuja na kijana wake anayejifunza kazi, na jambo la kwanza alilofanya ni kupima. Alitoa kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, akapima kipenyo cha nje cha tiyo sehemu kadhaa, akaandika kwenye kibao. Aliniambia kwamba tiyo za zamani hazilingani kila mara na rakori zinazouzwa leo, na tofauti ya nusu milimita inatosha kuharibu kazi. Ni kweli kabisa. Kiungo cha namna hii kinategemea uwazi mwembamba sana kati ya tiyo na rakori, sehemu ya kumi ya milimita hivi au mbili. Ukiwa mpana, soduru haivutwi ndani, inadondoka sakafuni. Alirudi na rakori zinazoingia kwenye tiyo zetu kwa kusukuma kidogo, bila kulegea.

Kisha akafunga vana kubwa, akafungua robine, yaani bomba la kuchotea maji, ya chini kabisa uani ili maji yashuke, na ile ya juu bafuni ili hewa iingie. Tulingoja. Vana yetu ni ya zamani, haifungi sawasawa, tone moja moja likaendelea kufika kwenye tiyo aliyoikata. Nilidhani atawasha moto hivyo hivyo.

"Hapana, mama," akasema. "Maji ikibakia mu tiyo hata kidogo, soduru haitashika. Kama mukate iko, munipatie kipande, ya ndani tu."

Nilimletea mkate mweupe. Akatoa nyama yake bila ganda, akaisukuma ndani ya tiyo kwa kalamu ya risasi, mbali kidogo na mahali pa kulehemu. Mkate unanyonya matone kwa muda wa kutosha kumaliza kiungo, na maji yakifunguliwa unalainika na kutoka kupitia robine. Sharti moja: aliondoa kwanza kile kichujio kidogo cha mdomo wa robine, la sivyo vipande vingekwama pale. Ganda halitumiki kwa sababu haliyeyuki upesi.

Nikaja kuona kwamba muda mwingi wa kazi yake hauhusiani na moto kabisa. Alikata tiyo kwa kifaa chenye gurudumu dogo la kukata, akikizungusha polepole na kukikaza kidogo kila mzunguko, ili tiyo isibonyee. Akakwangua ukingo wa ndani, kwa sababu gurudumu hilo linaacha mdomo mdogo wa shaba unaoingia ndani, na maji yakiupita kwa kasi yanazunguka na kuila shaba miaka inavyokwenda. Akasugua ncha ya tiyo kwa msasa mpaka ikang'aa rangi ya waridi, akasugua na tumbo la rakori kwa brashi ya waya. Kijana alitaka kufuta kwa kidole, akamzuia: mafuta ya mkono yanatosha kuikataza soduru isishike. Akapaka dekapa kwa brashi, tabaka jembamba. Dekapa ni ile dawa inayoyeyusha kutu ya shaba wakati wa joto na kuzuia hewa isitengeneze nyingine. Bila hiyo soduru inajikunja kuwa shanga na kubingirika.

Baada ya hapo moto wenyewe ulichukua muda mfupi mno. Hapa ndipo fundi mzuri anapotengana na mbaya, na naomba msomaji yeyote anayemwita fundi nyumbani asimame atazame. Moto uliwekwa kwenye rakori, kwenye lile vimbe lake nene, ukizungushwa taratibu. Soduru ilikuwa mkono wa pili, mbali na moto. Dekapa ikachemka, ikatulia, ikaanza kung'aa. Akagusa soduru upande wa nyuma, ule usiopigwa na moto. Ikayeyuka kwa joto la shaba yenyewe, ikavutwa ndani, na sekunde hiyo hiyo duara la fedha likatokea kuzunguka kiungo chote.

"Usichome soduru," akamwambia kijana. "Choma rakori. Soduru itakimbia yenyewe kwenye joto iko."

Kiungo kimoja kilitazama chini, yaani soduru ilitakiwa kupanda. Ikapanda. Nimechora mara nyingi ubaoni jinsi kimiminika kinavyopanda ndani ya mrija mwembamba, wanafunzi wakanakili bila kuamini. Kuona chuma kilichoyeyuka kikipanda dhidi ya uzito wake, jikoni mwangu, kulinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimwomba anitazamishe kiungo kilichofuata tangu mwanzo, naye akakubali bila kuonyesha kuchoka.

Ana utaratibu mwingine mzuri: kabla ya kuanza anakunja ncha ya waya wa soduru kwa urefu unaokaribia kipenyo cha tiyo. Kipande hicho kikiisha, anaacha. Ukiongeza, ziada haiimarishi kiungo. Inaingia ndani ya tiyo na kuganda humo. Akimaliza anafuta kwa kitambaa cha pamba, kisha hakuna ruhusa ya kugusa. Kiungo kikitikiswa wakati soduru inaganda kinapata nyufa zisizoonekana. Kikishapoa anakiosha kwa maji, kwa sababu dekapa ina asidi, na ikibaki pale utaona kijani baada ya muda.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la risasi, ile metali yenye sumu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Fundi huyu alinionyesha kibandiko cha waya wake wa soduru kabla sijauliza: Sn97Cu3. Maana yake bati asilimia 97 na shaba asilimia 3, hakuna risasi. Inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 227. Kwenye maduka yetu ya vifaa utakuta pia waya ulioandikwa 60/40, ambao ni bati 60 na risasi 40. Huo ni wa mafundi wa redio. Unayeyuka mapema, kuanzia nyuzi 183, unatiririka vizuri na unasamehe makosa, ndiyo maana baadhi ya mafundi wa maji wanaupenda. Lakini kwenye tiyo ya maji ya kunywa risasi inaingia majini kidogo kidogo, hasa maji yanapolala ndani ya tiyo usiku kucha, na zaidi yakiwa ya moto. Marekani waliipiga marufuku kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita moja ya maji, na linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, na madhara yake ni kwenye ubongo. Mjukuu wangu anakunywa maji ya nyumba hii. Kwa hiyo nawaomba: fundi wenu akifungua mkoba, soma kibandiko. Kikiwa na herufi Pb, alama ya risasi, au kimeandikwa 60/40 au 50/50, mwambie aurudishe waya huo. Kama waya hauna kibandiko kabisa, mnunulie mwenyewe ulio nacho.

Jirani yangu, alipoona kazi, akamtaka amlehemu tiyo ya gesi ya jiko kwa soduru hiyo hiyo. Fundi alikataa. Alimweleza kwamba nyumba ikishika moto soduru laini itayeyuka mapema na gesi itaongeza moto. Kwa gesi anatumia fimbo za shaba na fosforasi, zinazoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 710 hivi, na kazi hiyo anaifanya kwa bei nyingine na siku nyingine, akiwa na moto mkali zaidi. Jirani alinuna. Mimi imani yangu kwake ilizidi.

Sasa bei. Ni ghali. Analipwa kwa dola, na rakori zinahesabiwa mbali na malipo ya mkono wake. Kwa viungo vyetu nililipa karibu mara mbili ya fundi wa kwanza. Nilipolalamikia bei ya rakori alinipa risiti ya duka niione, na kweli hakuwa ameongeza kitu. Inaniuma kila nikifikiria. Mji huu ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Tanuru ilianza kuitoa mwaka 1911, bomba la moshi na kile kilima cha takataka za madini vinaonekana kutoka mbali, na misalaba ya shaba ya mababu iliwekwa hata kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Lakini kiwiko cha shaba cha urefu wa kidole nakinunua kilichotoka ng'ambo, kimelipiwa meli, mpaka na barabara. Natamani sana siku moja kijana wa Lubumbashi atengeneze kiwiko hicho hapa hapa.

Yapo mengine ya kulalamikia. Hafiki saa aliyosema. Ukimwambia asubuhi, jiandae kwa mchana. Risiti ya kazi yake mwenyewe haandiki mpaka uidai. Na ingawa aliweka bamba la chuma kati ya moto na ukuta, na kitambaa kilichoroweshwa, rangi ya ukuta juu ya boila imebaki na doa la hudhurungi la ukubwa wa kiganja. Aliahidi kulipaka, bado namngoja. Kwa upande mwingine, hakuondoka siku ile mpaka maji yamefunguliwa, yamefikia joto kamili, yamefungwa na kufunguliwa tena, naye amepitisha karatasi kavu kuzunguka kila kiungo ili aone kama italowa.

Mvua zote zimepita tangu hapo na ukuta umekauka.

Mkimwita, fanyeni mambo haya kabla hajafika, yatawapunguzia gharama: tafuteni vana kubwa iko wapi na mjaribu kama inafunga, ondoeni vitu vyote vinavyoshika moto chini ya boila, pazia, plastiki na chupa ya mafuta, na wekeni ndoo ya maji karibu. Umeme wa boila uzimwe kabisa, na usiwashwe tena mpaka boila limejaa maji. Mkate wa jana unafaa kama wa leo. Kwa tiyo za plastiki, PVC au PPR, muite mtu mwingine. Yeye mwenyewe atawaambia hivyo kwenye simu, na atawapa namba ya anayemwamini.