Adapta ya waifai, Linux, na shikamoo iliyobaki hewani

Naandika haya hasira ikiwa bado ya moto, kwa sababu najijua: ikipoa nitasamehe, na hili sitaki kulisamehe.

Nina steshenari hapa Sakina, Arusha. Kopi, kuprinti, kuskani, na msimu wa mikopo ya vyuo ukifika nawajazia wanafunzi maombi ya HESLB, ile bodi ya mikopo. Aliyewahi kufanya kazi hii anaujua msimu ule. Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, au bado? Fomu iprintiwe, iende kwa mdhamini, iende serikali ya mtaa, iende kwa wakili, irudi, kurasa zilizosainiwa ziskaniwe, zipandishwe. Intaneti ikikata hapo mwisho, unamtazama mtoto wa watu aliyekaa kwenye benchi na huna la kumwambia.

Modemu yangu ya laini ilikufa msimu huo ndiyo kwanza unachanganya. Dada wa saluni ya jirani ana ruta, tukakubaliana tuchangie malipo ya mwezi. Mwenye nyumba akagoma kabisa tusitoboe ukuta kupitisha waya. CPU yangu ni ya mezani, ya mtumba, haina waifai. Kwa hiyo nikapanda hiace kwenda mjini kununua adapta, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Duka silitaji.

Kompyuta yangu inatumia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na nilimwambia muuzaji kabla sijatoa hata shilingi. Watu hunishangaa, steshenari na Linux wapi na wapi. Nawaambia hivi: nikiwa na Windows, kila flashi iliyoingia kwangu ilikuja na kirusi cha shotikati. Unajua kile kinachoficha mafaili ya mteja na kumwachia vijipicha vyenye mshale. Mwanafunzi mmoja alilia mbele yangu kwa ripoti yake ya field, ikawa inasemekana steshenari yangu ndiyo inayoambukiza. Tangu nihamie Linux, kirusi kile kinakuja kwenye flashi, nakiona kimelala hapo kama faili tu, nakifuta, namrudishia mtu kazi yake salama. Siirudii Windows kwa sababu ya kidude cha elfu thelathini na tano.

Boksi lilikuwa na neno Linux. Na picha ya pengwini, yule ndege ambaye ni alama ya Linux. Nilimwonyesha mzee mwenye duka kwa kidole, nikamuuliza mara mbili: "Mzee wangu, kwenye Linux itakubali?" Akasema inakubali kote. Kijana wake wa kaunta akaniandikia risiti, nikalipa 35,000, nikaondoka na furaha yangu.

Nikachomeka. Mtandao hata mmoja haukuonekana. Badala yake, kwenye skrini ikatokea picha ya CD. CD! Nikatoa, nikarudisha, nikahamisha tundu, nikazima na kuwasha. CD ileile. Ukiifungua ndani kuna programu ya kusetia, ya Windows. Ndani ya boksi kulikuwa pia na kisahani kidogo chenye folda iliyoandikwa Linux, nikaona sasa hapo ndipo penyewe. Nikafuata maelekezo neno kwa neno, terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikanimwagia mistari ya makosa mpaka juu. Asubuhi yake kulikuwa na watoto wanne kwenye benchi, na mzee mmoja kutoka Ngaramtoni amekuja na mjukuu wake, bahasha ya vyeti kaibana kwapani. Niliwaambia warudi kesho. Mzee akasema sawa mwanangu, akaondoka polepole, na kwangu lile "sawa" lilikuwa zito kuliko angefoka.

Nikarudi dukani siku ileile.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Mwenye duka ni mtu wa umri wa baba yangu. Nikaingia, nikasimama mbele yake, nikasema: "Shikamoo." Hakuitikia. Nikafikiri hajasikia, nikarudia kwa sauti. Akainua macho kutoka kwenye simu, akaangalia boksi mkononi mwangu, siyo uso wangu, akasema: "Hairudishwi." Neno la kwanza kutoka kinywani mwake ndilo hilo. Sijasema nimeleta kurudisha! Nilikuwa nimekwenda kuuliza inasetiwaje.

Nikamweleza inajionyesha kama CD. Akacheka kwa pembeni, kulikuwa na wateja wengine wawili, akawaambia wao, siyo mimi: "Linux ni ya wezi wa mitandao. Mtu mwenye kazi zake anaweka Windows." Kisha kwangu: "We dada, kitu changu kizima, mashine yako ndiyo mbovu. Soma risiti." Kweli risiti imeandikwa kwa chini, mali ikishauzwa hairudishwi. Lakini boksi nalo limeandikwa Linux kwa juu. Kwa nini maandishi ya kwake yawe sheria na ya boksi yawe mapambo?

Kijana wa kaunta alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipotoka akanifuata hadi mlangoni, akasema, "Dada, pole." Ni hilo tu, lakini nililihesabu.

Mimi nimelelewa kwamba marahaba ni deni. Hata mgomvi wako akikuamkia, unaitikia kwanza, ugomvi unafuata. Nikiwa kwenye hiace ya kurudi Sakina sikuwa nawaza 35,000 tena, nilikuwa nawaza zile shikamoo zangu mbili.

Kwa hiyo, kama ungeniuliza jioni ile, ningekwambia: usinunue adapta ile, usinunue duka lile, na mtu akikwambia inakubali kote, kimbia.

Aliyenitoa ni kijana wa jirani anayesoma Chuo cha Ufundi Arusha, namuita mdogo wangu. Alikuja usiku, hata kukaa hakukaa, akaandika `lsusb`, amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa kwenye USB, akaangalia namba ya kidude, 0bda:1a2b, akasema: "Dada, hiki hakijaharibika. Kimejifanya CD." Akanieleza kwamba watengenezaji huweka draiva ya Windows, yaani programu ya kuifanya kompyuta ielewane na kidude, ndani ya adapta yenyewe. Ukiichomeka inajitambulisha kwanza kama CD ili mtumiaji wa Windows asetie, ndipo igeuke kuwa waifai. Kwenye Linux yangu haikugeuka, ikabaki imevaa sura ya CD. Na hata zile modemu za laini zilikuwa na tabia hiyohiyo, ila Linux ilikuwa tayari inajua kuzigeuza, ndiyo maana yangu ya zamani sikuwahi kuisumbukia. Akaandika:

`sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b`

Picha ya CD ikapotea. Namba ikabadilika kuwa 0bda:c811. Mstari mmoja! Nilimwacha mzee wa Ngaramtoni arudi na bahasha yake kwa sababu ya mstari mmoja ambao duka zima halikuujua wala halikutaka kuujua.

Waifai ilikuwa bado. Kerneli yangu, yaani kiini cha Linux kinachoongea na vifaa, ilikuwa toleo 5.15, haina draiva ya chipu ya adapta ile, na iliyokuwa kwenye kisahani ilitungwa kwa kerneli za zamani mno, ndiyo maana ilinitapikia makosa. Ikabidi kushusha nyingine mtandaoni na kuikompaili, yaani kuijenga hapohapo kwenye mashine. Sasa utashusha nini wakati intaneti ndiyo unayoitafuta? Hapo mdogo wangu alichukua simu yangu, akaichomeka kwenye CPU kwa waya wa chaji, akawasha kushea intaneti kwa USB, na kompyuta ikaingia mtandaoni bila kusetia chochote. Kama kuna jambo moja la kubeba kutoka hapa, beba hili. Bando lilinila, lakini ningelijua asubuhi, wale watoto wanne wangemaliza siku ileile.

Akaweka dkms, ile inayoijenga draiva upya kila kerneli ikibadilika, pamoja na vifaa vya kukompaili na heda za kerneli, akajenga draiva. Ikakataa kuingia. Kumbe Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, ilikuwa imewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, na inazuia draiva isiyo na saini. Tukaizima. Tulipowasha tena, jina la ruta ya saluni likatokea kwenye orodha. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa nje akaja kuchungulia.

Sasa niseme ukweli, maana nimeanza kwa kusema usinunue. Adapta ile ilifanya kazi vizuri. Vizuri sana, kwa kweli. Kupitia ukuta mzima, watoto wamejaa, saluni nao wanaangalia video zao, haikuniangusha. Mwanzo ilikuwa inakatakata, mdogo wangu akaihamisha kutoka tundu la bluu kwenda la kawaida, akasema lile la bluu ni USB 3, nayo hutoa kelele inayoingilia masafa ya waifai ya 2.4 GHz. Ikatulia. Mjukuu wa mzee wa Ngaramtoni nilimpandishia fomu yake kesho yake saa nne asubuhi, kurasa zote, mara moja. Mzee akashika kichwa changu akanibariki. Siku ile ningekipa kidude kile alama zote.

Mwezi mmoja hivi baadaye nikaona taarifa ya masasisho, nikakubali kerneli mpya, 6.8. Nikawasha. Waifai hakuna.

Hasira zote zikarudi kama hazikuwahi kuondoka. Nilikaa pale nikitukana boksi, nikitukana pengwini wa kwenye boksi, nikamkumbuka yule mzee na simu yake mkononi. Nikasema kidude hiki nakitupa mtaroni, na yeyote anayekiuza anauza usumbufu.

Mdogo wangu akaja tena. Safari hii tatizo lilikuwa letu, na nalisema wazi kwa sababu haki ni haki. Kuanzia kerneli 6.2, Linux yenyewe ilishapewa draiva ya chipu hii. Ile tuliyoijenga ilishindwa kujijenga upya kwenye 6.8, na ilipowekwa mwanzo ilikuwa imeacha faili la kuizuia ile ya ndani. Ya kwetu haipo, ya Linux yenyewe imefungiwa mlango. Tukaondoa ya kwetu na faili lake, tukawasha. Waifai ikaja yenyewe, haikuhitaji kujengwa chochote. Hadi leo ninapoandika iko hivyo.

Basi nishauri nini? Kama una kerneli mpya na ukiona CD unajua cha kufanya, kidude kile ni kizuri, nunua. Kama kerneli yako ni ya zamani na huna mdogo wako wa chuo cha ufundi, tafuta adapta yenye chipu ya Atheros AR9271. Ni ya zamani, inashika 2.4 tu, lakini Linux inaijua tangu 2010. Ukitaka na masafa ya 5, ulizia MT7612U, draiva yake imo ndani ya kerneli tangu 2018. Uliza chipu, usiulize boksi. Muuzaji akishindwa kukutajia chipu na akakasirika umemuuliza, umeshajibiwa, toka.

Nilikuwa nimeamua kuishia hapo na kusema yamekwisha. Lakini wiki iliyopita nani kaingia steshenari kwangu? Kijana wa kaunta wa duka lile. Kasimama mlangoni, kaniamkia vizuri kabisa, kisha anasema kuna mteja kawarudishia adapta ileile, inaonyesha CD, na mzee kamtuma aje kwa "yule dada wa Linux" aulize ilifanyikaje.

Yule dada wa Linux! Yuleyule wa wezi wa mitandao, mwenye mashine mbovu. Na hakuja yeye, wala hata kunipigia, wakati namba yangu iko kwenye nakala ya risiti yake.

Nilitaka kumfukuza. Nikakumbuka "dada, pole" ya mlangoni. Nikamkalisha, nikamwandikia kila kitu: ule mstari wa amri, simu na waya wa chaji, Secure Boot, mambo ya 6.2. Nikamprintia nakala mbili, moja ya mteja na moja ya duka, sikumdai hela. Ananyanyuka, nikamwambia: "Mdogo wangu, ukifika mwambie mzee shikamoo. Hii ni ya tatu. Usitoke pale mpaka aitikie, halafu uje uniambie alisemaje."