Kilimanjaro Safaris pale Disney Animal Kingdom: inalipa kweli au ni sifa tu?

Haya jamani habari zenu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo najibu lile swali ambalo Waswahili wenzangu tunaoishi huku Marekani mnaniuliza sana, hasa wenye watoto: tukienda Orlando, pale Animal Kingdom, ile paki ya burudani ya Disney yenye wanyama, ile Kilimanjaro Safaris inastahili foleni yake au ni jina tu? Alafu wengine mnaongezea, mi nimekulia Morogoro, Mikumi nimepita na basi sijui mara ngapi naona twiga dirishani bure kabisa, sasa nitoe hela zote hizo kwenda kuangalia twiga wa Florida kweli? Swali zuri sana hilo na ntalijibu, nawaomba tu mtulie maana jibu langu linategemea unaenda na nani na unaenda saa ngapi.

Kwa asiyeijua, nimwambie haraka haraka. Ni safari ya gari ndani ya paki, ilifunguliwa siku moja na Animal Kingdom yenyewe, tarehe 22 Aprili 1998. Mnapanda lori kubwa, pembeni wazi, juu lina paa, mmekaa kwenye mabenchi kwa mistari, na dereva ndo huyo huyo anayewaelezea wanyama. Inachukua kama dakika 18 mpaka 20. Hakuna kipimo cha urefu, yani mtoto mchanga anapanda, bibi anapanda, wote gari moja. Hilo wazazi mnalielewa, kwa sababu kwenye hizi paki kubwa kila mahali kuna ule mti wa kumpimia mtoto, mmoja anaruhusiwa mwingine analia nje na mama yake. Hapa hamgawanyiki.

Sasa matarajio. Tatizo kubwa la hii safari ni jina lake na matangazo yake, mtu akisikia Kilimanjaro, akisikia safari, anajenga picha ya Serengeti kichwani. Ndugu zangu, Serengeti ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000. Hapa mnazunguka eneo la ekari kama 110, haifiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba. Kwahiyo ukija unatafuta nyumbu wanavuka mto Mara, au simba anawinda, hautaviona na utatoka umenuna. Hapa ni bustani ya wanyama iliyotengenezwa na watu wenye akili sana, wanakupitisha katikati yake kwa gari. Ukilielewa hilo kabla hujapanda, basi kinachobaki ni kizuri mno, na mi nasema hivyo nikiwa nimeona mbuga za nyumbani.

Kabla ya gari kuna kile kijiji, Harambe, wabunifu wa paki wakiongozwa na Joe Rohde walikuja kwetu wakazunguka na sura ya mitaa wameichukua Lamu, kuta zimechubuka rangi, mabango ya Kiswahili, mapaa ya makuti na nyasi ambayo walileta mafundi Wazulu kutoka Afrika Kusini wayaezeke. Mama yangu nilikuwa naye, yeye ni mtu wa Tanga, alisimama kwenye ukuta mmoja akaupapasa kwa kiganja kabisa, ule ukuta una nyufa na alama za maji ya mvua kama nyumba ya miaka mia, akasema hii wameijenga watu waliokaa chini wakaangalia. Na ni kweli, na kazi hiyo inaendelea mpaka barabarani, ukipanda gari angalia chini: ile njia ya vumbi yenye makorongo ya matairi ni zege, wameitia rangi ya udongo, wakapitisha matairi, wakagandamiza mawe na vijiti kabla haijakauka, ndo maana gari linarukaruka kama uko njia ya kwenda Loliondo. Ile mibuyu mikubwa pia kuna ya kutengenezwa, vichuguu vingi ni vya kutengenezwa. Mwenye mgongo mbovu na mama mjamzito wasome lile tangazo la mlangoni, mtikisiko upo kweli.

Tuje kwenye safari yenyewe. Mnaanzia kwenye kamsitu, na hapa ndo sehemu ambayo watu wengi wanaipuuza, wako bize kuandaa simu kwa ajili ya simba, kumbe hapa ndo kuna vitu ambavyo mimi na wewe wa Afrika Mashariki hatujawahi kuviona kwa macho. Kuna okapi. Okapi kule porini anaishi Kongo tu, misitu ya Ituri huko, na ni mnyama wa kujificha, watu wa huko huko wengi hawajamwona. Miguu ina mistari kama ya punda milia, mwili kama farasi wa rangi ya chokoleti, lakini ni ndugu yake twiga. Kuna bongo pia, yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, aliyebaki kwa shida kwenye misitu ya milimani Kenya, Aberdare na mlima Kenya, wamebaki wachache kabisa porini. Kwahiyo yule anayesema hakuna jipya la kumwonyesha Mtanzania, mi namwambia hapana, dakika za mwanzo tu ushaona wanyama wawili ambao porini Tanzania hawapo kabisa. Shida yao wanapenda kivuli, mara nyingine unaona mgongo tu nyuma ya majani na gari halirudi nyuma.

Mkitoka hapo kuna viboko, kuna daraja chini yake mamba wa mto Nile wamelundikana, wakubwa, alafu panafunguka uwanda mpana, na hapo watoto wanapiga kelele wote. Twiga, nyumbu, pofu, na ng'ombe wa Ankole na zile pembe zao, watu wa Karagwe na Mbarara mtafurahi. Twiga ndo kitu ninachotaka mkielewe vizuri. Hawa hawana uzio kati yao na gari, wanatembea njiani, na mnyama akisimama barabarani dereva anasimama, hampigii honi, mnasubiri mpaka aamue mwenyewe kuondoka. Sisi alikuja mmoja akasimama mbele ya gari, akageuza shingo taratibu akatuangalia, karibu kiasi kwamba niliona kope zake, ndefu, nyeusi, na inzi ametua pembeni ya jicho, na ule ulimi wa rangi ya bluu iliyoiva unatoka unazunguka pua. Gari zima kimya, hata wale watoto wa benchi la nyuma waliokuwa wanagombania juisi. Mwanangu amezaliwa huku, Tanzania alikuja akiwa mdogo hakumbuki kitu, akamgeukia bibi yake akamuuliza, bibi, hawa wapo kwenu? Bibi akaanza kumsimulia pale pale na hakunyamaza mpaka tunashuka.

Wanyama wakali nao mbona hawali watu na hakuna nyavu? Mitaro. Wamechimba mitaro mirefu na madimbwi, wameyaficha kwa majani na miinuko ya ardhi, wewe kwenye gari unaona nyasi zimeunganika mpaka kwa simba, kumbe katikati kuna shimo. Chakula pia wanakiweka sehemu ambazo mnyama akienda kula anaonekana kutoka barabarani, na usiku wanaitwa kurudi kwenye mabanda yao.

Tembo wapo na wanazaliana hapo hapo, duma yupo, fisi yupo, heroe wako kwenye kisiwa ambacho wamekichonga kwa umbo la kichwa cha Mickey Mouse, watoto waambieni wakitafute. Lakini kwenye faru weupe ntawasimamisha kidogo. Uganda faru walimalizwa na majangili, mwaka 1983 ikatangazwa hawapo tena. Walipoanza kuwarudisha pale Ziwa Rhino Sanctuary, wilaya ya Nakasongola, wanne walitoka Solio kule Kenya, na wawili walitoka hapa hapa Animal Kingdom, Nande na Hasani, wakasafirishwa 2006. Nande akazaa 2009, baba wa mtoto katoka Kenya, mama katoka Marekani, kwahiyo mtoto wakamwita Obama. Mi hii habari naipenda sana na sielewi kwanini madereva hawaisemi kila gari, wangeisema, kwa sababu mtu anamwona yule faru kalala kwenye tope anadhani yuko pale kwa ajili ya picha tu, kumbe ndugu zake wamesaidia kurudisha faru kwenye nchi iliyowapoteza kabisa.

Na hapo niseme jingine. Zamani hii safari ilikuwa na hadithi ndani yake, mnaenda alafu redio inaita kwamba majangili wameingia, gari linaanza kuwafukuza kumwokoa tembo mama anaitwa Big Red na mtoto wake Little Red. Wakaiondoa 2012. Kuna mashabiki wa Disney mpaka leo wanaililia, wanasema safari imepoa. Mimi nasema walifanya vizuri sana kuiondoa. Tanzania tulikuwa na tembo karibu 110,000 mwaka 2009, ilipofika 2014 wamebaki kama 43,000. Ndani ya miaka mitano! Askari wa wanyamapori wamekufa kwenye kazi hiyo. Kitu kama hicho huwezi kukifanya mchezo wa kufukuzana wa dakika tatu mtu anashuka anaenda kununua popkoni. Sasa hivi dereva anaongea kuhusu wanyama wenyewe na inatosha.

Lawama zangu sasa. Ya kwanza, mwendo. Gari likiwa na foleni nyuma halisimami, labda mnyama awe njiani, kwahiyo unaweza kumwona duma kwa sekunde chache tu akiwa nyuma ya kichwa cha mtu. Ya pili, dereva, ni bahati. Kuna anayewapenda wale wanyama, anawajua kwa majina, anakwambia huyu ana mtoto, huyu mkorofi, na kuna anayesoma tu maneno aliyokaririshwa, jambo mwanzoni, kwaheri mwishoni, katikati hamna kitu, na safari ya mtu wa namna hiyo unaihisi ilivyo ndefu. Ya tatu, simba. Simba analala mpaka saa 20 kwa siku, popote alipo, na hapa wanalala juu ya lile jabali kwa nyuma, jua likiwaka unaona sikio. Watoto wanaokuja kwa ajili ya simba waandaeni kabla.

Ndo maana nawaambia muda ndo kila kitu. Asubuhi paki ikifunguliwa watu wote wanakimbilia Pandora, upande wa Avatar. Wewe nenda huku huku moja kwa moja, hewa bado ya baridi, wanyama wametoka mabandani wanatembea wanakula. Saa sita saba mchana wa Florida, mwezi wa saba, hapana, foleni inaweza kufika saa nzima na zaidi alafu unaenda kuangalia wanyama waliolala kivulini. Jioni inafaa pia ila muangalie kwenye apu ya Disney saa ya mwisho ya kupanda, mwanga ukiisha mapema na wao hufunga mapema. Lightning Lane, ile ya kulipia upite njia fupi, safari hii imo, lakini ukiamka mapema hela hiyo wanunulie watoto chakula, huihitaji. Tiketi ya paki ya siku moja peke yake ni zaidi ya dola 100 mtu mmoja, mtoto chini ya miaka 3 hatoi, sasa kwanini uongeze.

Kwahiyo inalipa? Kwa familia yenye watoto wadogo na mzee mmoja aliyekuja kutembea, inalipa, kwa mimi hiyo ndo safari bora ya paki nzima na naiweka mbele ya yale mabembea ya kupiga kelele. Kwa kijana mnaenda wanne mnataka mapigo ya moyo, pandeni Expedition Everest kwanza, ile treni ya kasi ya humo humo pakini, hii muifanye ya pili. Na kwa yule wa Mikumi, ukiwa peke yako bila mtoto, nenda kwa ajili ya okapi na bongo, sio kwa ajili ya twiga.

Kukaa: mtu mzima akae ukingoni mwa benchi, mtoto mdogo ndani yake, simu mshikilie kwa mikono miwili maana ile njia inarusha. Kigari cha mtoto mnakiacha nje sehemu yake. Mkishuka msikimbilie chakula, njia ya kutokea inapita karibu na Gorilla Falls, ni ya kutembea kwa miguu, haina foleni wala malipo mengine, sokwe wale wakubwa mnawaona mkiwa mmesimama mnavyotaka.

Kama umeshapanda, niandikie kwenye kamenti okapi ulimwona au alijificha, na ulikuwa saa ngapi na mwezi gani, kuna wenzetu wanapanga likizo ya Desemba wanasubiri hizo taarifa.