Semina ya siku mbili kuhusu kuotea, Mwanza: kamba ilifundisha kuliko skrini

Mwezi uliopita nililipa shilingi 30,000 kuhudhuria semina ya siku mbili iliyoandaliwa hapa Mwanza kwa ajili yetu tunaochezesha mechi za ndondo, yaani soka la mitaani, nayo ilihusu Sheria ya 11 peke yake, yaani kuotea: mshambuliaji kuwa karibu na goli la wapinzani kuliko mpira na mpinzani wa pili kutoka mwisho wakati pasi inapopigwa. Nimeshika kibendera katika viwanja vya Igoma, Buhongwa na Mkolani kwa misimu minne, na nilikwenda nikiamini kwamba tatizo langu ni macho, kumbe ni miguu.

Jumamosi asubuhi tulikaa darasani kukumbushwa mambo ambayo wengi tuliyajua: kwamba mikono haihesabiwi, kwamba hakuna kuotea katika mpira wa kurusha, wa kona wala wa goli, na kwamba mshambuliaji anayelingana na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea. Hilo la mwisho limo sheriani tangu 1990, ingawa washangiliaji wetu hulibishia kila Jumapili.

Thamani ya ada ilionekana mchana. Mkufunzi alitandaza kamba ya manila, ya aina ile wanayofungia mitumbwi, ikakata uwanja kutoka pembeni hadi pembeni, akamsimamisha beki katikati na mshambuliaji upande wa mbali, wote wawili wakiikanyaga. Mimi nilisimama pembeni, kwenye ncha ya kamba, nikaambiwa nisogee hatua mbili kuelekea golini. Mshambuliaji yule yule, ambaye hakuwa ameinua hata unyayo, sasa alionekana amempita beki, na kibendera kikaanza kupanda chenyewe. Niliporudishwa hatua mbili nyuma ya kamba, alionekana yuko salama hata baada ya kusogezwa mbele hatua nzima. Nilikumbuka bao moja nililolikataa Buhongwa, nikanyamaza. Kuanzia hapo tulifanya zoezi la kukimbia upande upande, uso ukiutazama uwanja, macho yakiwa kwa beki na sikio likisubiri mlio wa pasi.

Kasoro zipo. Video zote zilikuwa za ligi za Ulaya, zenye kamera kila pembe, na hakuna aliyetueleza mshika kibendera afanye nini pale chokaa inapofutwa na mvua, watazamaji wanapokanyaga mstari na bodaboda zinapoegeshwa katika njia yake ya kukimbilia. Kwangu hilo ndilo swali gumu kuliko yote.

Jumapili jioni, sehemu iliyostahili nusu siku, yaani beki anapoucheza mpira kwa makusudi, ilipewa robo saa huku watu wakiulizia vyeti. Tuliambiwa kwamba beki akiucheza hivyo, aliyekuwa ameotea husamehewa, isipokuwa kama beki alikuwa anaokoa mpira unaoelekea golini. Lakini kutambua makusudi kunahitaji mifano: je, mpira ulitoka mbali, beki aliuona vizuri, alipata muda wa kuuweka mwili wake sawa, au ulimgonga tu alipojirusha? Hakuna hata mfano mmoja uliofanyiwa mazoezi, na hapo ndipo ugomvi wa ndondo huanzia.

Chakula kilikuwa ugali na sato, cha kutosha. Vyeti havijatoka hadi leo. Ningelipa tena ada ile ile, ila kwa sharti kwamba darasa la asubuhi lifutwe, kamba itandazwe tangu saa mbili, na watazamaji hamsini waalikwe kusimama juu ya mstari.