Old School RuneScape kwa simu: uanachama, bondi na pesa inapopotea

Mchezaji wa Lamu au Malindi anayetaka gemu ya mtandaoni ya kukaa nayo miaka, aulize kwanza pesa ya hiyo gemu inatoka wapi. Picha nzuri humfurahisha siku ya kwanza, lakini namna ya kutoza ndiyo huamua kama atabaki. Kwa kipimo hicho, Old School RuneScape ya Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza, tunaiweka mbele ya nyingine, kasoro zake tukizijua.

RuneScape ilifunguliwa Januari 2001 bila malipo. Mwaka uliofuata ukaja uanachama wa dola 5 kwa mwezi, na bei ya leo ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kilichokuja kuitikisa ni wauza sarafu za gemu. Walichuma dhahabu ya gemu kwa roboti, yaani programu zinazocheza zenyewe, wakaiuza nje kwa pesa taslimu, na akaunti zao wakizilipia kwa kadi za wizi. Benki ikimrudishia mwenye kadi pesa yake, hasara inabaki kwa kampuni. Kufikia Januari 2008 Jagex ilikuwa imeifunga biashara huru kati ya wachezaji, na wengi wakahama kwa hasira. Biashara hiyo ilirudi Februari 2011. Old School yenyewe ilizinduliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya gemu ya Agosti 2007.

Dawa iliyofaa kuliko marufuku ni bondi, yaani bidhaa ya ndani ya gemu inayogeuzwa kuwa uanachama, iliyoingia Old School mwaka 2015. Mwenye pesa hununua bondi kwa Jagex na kuiuza ndani ya gemu, sokoni Grand Exchange, kwa sarafu. Aliyeinunua huibadilisha kuwa siku 14 za uanachama. Bondi ikishanunuliwa kwa sarafu haiuziki tena mpaka ulipie asilimia 10 ya bei yake, kwa hiyo madalali hawapati nafasi ya kuzirundika. Kila bondi imelipiwa na mtu fulani kwa pesa halisi, Jagex haikosi chake, na kijana asiye na kadi bado ana njia ya kuwa mwanachama.

Ila hesabu ifanywe vizuri. Bei ya bondi hupanda na kushuka. Tuchukue, kwa mfano, bondi ni sarafu milioni 12. Asiye mwanachama akichuma 200,000 kwa saa, atahitaji saa 60 kupata siku 14. Hiyo si burudani tena, ni kibarua. Lipia mwezi wa kwanza kwa pesa, ujenge ujuzi, ufikie kazi za wanachama zinazoleta milioni moja kwa saa. Hapo bondi inakuwa saa 12. Akaunti mpya ya bure pia imefungwa mikono: kuna bidhaa hairuhusiwi kuziuza mpaka itimize saa 20 za kucheza, pointi 10 za misheni na jumla ya viwango 100. Kizuizi hicho ni cha kuwabana wenye roboti, na tunakiunga mkono.

Upande wa bure una ujuzi 15 na nafasi 3 za kuuza au kununua kwa wakati mmoja Grand Exchange. Mwanachama ana 8. Kwa msomaji wa Lamu kivutio kikubwa kiko upande wa kulipia: ubaharia, yaani Sailing, ujuzi mpya uliochaguliwa kwa kura za wachezaji na kuzinduliwa 19 Novemba 2025.

Mtandao wa kwetu hauiumizi sana gemu hii. Seva hupokea amri kila sekunde 0.6, hivyo ucheleweshaji mdogo hauonekani. Chagua dunia, yaani seva, za Uingereza au Ujerumani, uziache za Marekani.

Linganisha na Genshin Impact, ambayo kwanza hula gigabaiti nyingi za simu. Pale unalipia bahati. Mvuto mmoja, yaani kujaribu bahati mara moja, ni primogem (sarafu ya gemu hiyo) 160, uwezekano wa kupata mhusika wa nyota tano ni asilimia 0.6, na uhakika huja kwenye mvuto wa 90, yaani primogem 14,400. Kifurushi cha mwezi cha dola 4.99 huleta jumla ya 3,000, mivuto 18 na chenji. RuneScape kuu, ile isiyo Old School, nayo iliingia njia hiyo mwaka 2012 kwa gurudumu la bahati, baadaye Treasure Hunter, mpaka wachezaji walipopiga kura Novemba 2025 iondolewe. Old School haikuwahi kuuza bahati ya namna hiyo, na hiyo ndiyo sababu yetu kubwa ya kuipendekeza.

Hatari ipo. Mwaka 2024 Jagex ilichukuliwa na wawekezaji CVC na Haveli, na Januari 2025 wachezaji waliulizwa maoni kuhusu uanachama wa bei nafuu wenye matangazo. Wakapinga vikali, mkuu wa kampuni akaomba radhi. Ikirudi kwa sura nyingine, tutashusha alama.

Kulipa: Google Play ya Kenya hupokea M-Pesa, na kwenye tovuti ya Jagex unaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Sarafu za bei chee zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp ziache, maana akaunti hufungiwa. Na kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato: ingia Google Play, sehemu ya malipo na usajili, ukatishe huko kabla ya tarehe ya kulipa.